Machibya Kajiuzulu, Siyo Kajiuza

Machibya alipewa ukamanda wa sungusungu kwa sababu ya mapafu yake. Wazee wa Kalubwe, kijiji cha wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakajenga kando ya barabara ya Inyonga, walikuwa wanatafuta mtu wa kushika filimbi. Wakawapandisha wanaume kilimani, kila mmoja apulize kwa zamu yake. Wengine walisikika kisimani, wengine wakaishia kwenye ghala la tumbaku. Ya Machibya ilifika mtoni, na ng'ombe waliokuwa wanakunywa wakainua vichwa. Yakaisha. Ukamanda ukamwangukia mtu mwenye pumzi nyingi na maneno machache.

Mkewe Monika alicheka kila alipoikumbuka habari hiyo. Yeye hakuwa wa Kalubwe. Alikuwa Mkonongo wa Inyonga, binti wa mrina asali, na alisoma mpaka darasa la saba. Machibya alimkuta huko alipokwenda kutafuta ndama aliyepotea. Ndama hakuonekana. "Ila sikurudi mikono mitupu," Machibya alizoea kusema, na huo ndio uliokuwa utani wake, hakuwa na mwingine. Mbele yake majirani walimwita Monika mama Safari, kwa jina la mtoto aliyekuwa bado mgongoni. Kisogoni walimwita yule wa asali.

Kazi ya kamanda ilikuwa mwano, yaani ile filimbi ya hatari. Mwano ukilia, kila mwanaume anatoka na upinde wake, awe anakula, awe anaoga. Anayebaki nyumbani anatozwa faini. Anayerudia anatengwa. Na kutengwa kwa Kalubwe si mchezo: hupewi moto, huitikiwi salamu, msiba wako unazika mwenyewe, na siku wezi wakiingia zizini kwako ukapiga mwano, watu wanageukia upande wa pili wanaendelea kulala. Monika aliwahi kumwona mtu aliyetengwa. Alikuwa mnene, akakonda. Masika hayajaisha akawa ameondoka na ng'ombe zake, hakuna aliyeuliza kaenda wapi.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, ng'ombe wa mzee mmoja walipotea kiangazi. Nyayo zilifuatwa msituni mpaka ng'ambo ya mto, zikafia kwenye mawe. Wengine walisema wezi, wengine wakasema simba, maana mbuga haiko mbali. Lyamba, msaidizi wa kamanda, mtu wa sauti na mkono wa kunyooshea watu vidole, akasema warina asali wa ng'ambo wanajua waliko. Kuanzia hapo ikawa vita. Wanaume wakavuka, wakavunja mizinga, wakarudi na asali badala ya ng'ombe. Wakavuka tena. Safari hiyo walipokelewa kwa mishale, na kijana Manyanda, mjukuu wa bibi mmoja aliyeitwa mayu, yaani mama, Kija, akapigwa wa sumu pajani. Hakufika nyumbani.

Baada ya Manyanda hakuna aliyethubutu kusema vita viishe, maana ni kama kusema kijana kafa bure. Wala hakuna aliyetaka kwenda. Mwano ukilia miguu ilitoka, mioyo ikabaki imelala. Vitalu vya tumbaku vilikauka, wanawake wakabeba maji ya kumwagilia na watoto mgongoni, na kila aliyeulizwa alijibu kuwa hali ni nzuri tu.

Jioni moja Machibya alikuwa anasikiliza redio, ile ya betri alizoanika juani mchana kutwa. Taarifa ya habari ikasema waziri wa ulinzi wa nchi fulani ya mbali amejiuzulu, kwa ajili ya vita ambavyo wananchi wake hawavitaki. Jina la nchi lilimezwa na mkwaruzo.

"Mama Safari, huyu waziri kafanya nini?"

"Kajiuzulu. Kaacha cheo mwenyewe, hajafukuzwa."

"Na hajafa?"

"Hajafa."

"Wala hajaiba kitu?"

"Mimi sijasikia kuiba hapo."

Machibya akanyoosha mkono kwenye kitufe. "Kumbe inawezekana," akasema, akazima redio kuokoa betri.

Monika alidhani yameishia hapo. Alhamisi, kwenye mkutano wa sungusungu mbele ya ghala la tumbaku, Lyamba alisimama akaeleza namna watakavyovuka mto kesho yake. Alipomaliza, Machibya akainuka, akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya gunia. Kwa Kisukuma neno hakuwa nalo, kwa hiyo akalisema kwa Kiswahili, kama redio ilivyosema.

"Kuanzia leo nimejiuzulu."

Sasa Kiswahili cha Kalubwe wakati huo kilikuwa cha kununulia chumvi. Kujiuza walikujua, kujiuzulu hakuna aliyewahi kukuhitaji. Wa nyuma walisikia nimejiuza, na wa mbele hawakusikia tofauti. Lyamba aliruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Kwa nani?"

Machibya akadhani anaulizwa filimbi anamwachia nani. Akajibu kwa utaratibu wake, "Kwa yeyote anayeitaka."

Mkutano ukavunjika kwa kelele. Wakaahirisha mpaka Alhamisi nyingine.

Wiki ile Kalubwe haikuwa na habari nyingine. Kwenye mashine ya kusaga Monika alipanga foleni nyuma ya wanawake ambao hawakumwona, au walijifanya hawajamwona.

"Kajiuza kwa wakwe zake, wa asali hao."

"Kwa bei gani?"

"Kwa asali, kwani wana nini kingine?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Nyie chekeni. Mimi tangu aiweke ile filimbi mume wangu analala kitandani."

"Kamanda akikimbia vita anaitwaje?"

"Anaitwa mzima."

"Na Manyanda anaitwaje?"

Hapo kicheko kikakatika. Mashine ilikuwa inanguruma, unga unatoka.

Monika alirudi na debe lake. Mumewe alikuwa anasuka kamba ya ndama.

"Baba Safari, wewe pale ulisema nini hasa?"

"Nilisema lile la redioni."

"Wamesikia umejiuza."

Machibya aliacha kusuka. "Ndiyo maana Lyamba aliniuliza kwa nani."

"Na wewe ukamjibu."

"Nikamjibu." Akaitazama kamba kama imefungwa na mtu mwingine. Kisha akainuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Monika hakulilia cheo. Cheo hakikuwahi kuleta hata mboga ndani ya nyumba ile. Aliogopa kutengwa. Safari alikuwa mtoto wa homa, hupanda ghafla, na mara mbili jirani ndiye aliyepiga baiskeli mpaka Mpanda hospitali, mama na mtoto wamekaa nyuma kwenye keria. Nani angepiga baiskeli hiyo kwa mtu aliyejiuza? Tayari mtoto wa jirani aliyezoea kuja asubuhi kuomba moto alikuwa haji. Monika aliamka kila siku akapuliza jiko, akauangalia mlango. Moto ulikuwepo, wa kuuomba ndiye hakuwepo.

Alhamisi ikafika. Wingu lilikuwa zito upande wa mto, lakini wiki nzima lilikuwa hivyo bila kunyesha. Wanaume walikaa mbele, wanawake kando ya ukuta wa ghala. Filimbi ilikuwa bado iko juu ya gunia. Wiki nzima hakuna aliyeigusa. Lyamba alianza.

"Mtu kasema kwa mdomo wake kajiuza. Tumemuuliza kwa nani, kasema kwa yeyote. Jamani, hata malaya anachagua!"

Watu wakacheka, wengine bila kupenda. Halfani, mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Tabora na Kiswahili ndicho alichonyonya, akaomba nafasi.

"Ndugu zangu, hapa pana makosa ya sikio. Kujiuzulu siyo kujiuza. Kujiuzulu ni mtu kuacha madaraka kwa hiari yake."

"Halfani," Lyamba akamkata, "wewe tangu lini ukatuambia kitu siyo cha kuuza?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko, Halfani mwenyewe akacheka, na ushahidi wake ukaishia hapo. Monika aliona mkono wa mumewe unatafuta filimbi kifuani pasipokuwa na kitu.

Mzee mmoja akasema, "Kiswahili tukiache. Machibya, sema kwa Kisukuma ulichofanya."

Machibya akasimama. Mtemi kwa Kisukuma anakufa, au anafukuzwa. Kuweka uongozi chini kama mtu anavyoweka jembe, hilo halina jina. Alisimama mpaka watu wakaanza kutazamana, na Lyamba akaanza kutabasamu.

Ndipo mayu Kija akainuka upande wa wanawake. Watu wakanyamaza, maana kaburi la Manyanda lilikuwa bado halijaota majani.

"Baba Machibya," akasema, "mimi redio sina. Nikuulize kwa lugha ya kisimani. Nikirudi na ndoo kichwani nikafika mlangoni shingo imechoka, nasema nitueni. Wewe ulichosema ni hicho?"

Machibya akaitikia kwa kichwa. "Ni hicho, mayu. Nitueni."

"Mzigo gani unatuliwa katikati ya njia?" Lyamba akauliza. "Mtu anatuliwa akifika!"

"Shingo ikivunjika, baba, mzigo haufiki hata hivyo."

"Na Manyanda? Damu yake nani ataibeba?"

Mayu Kija akajifunga kanga upya, polepole. "Manyanda ni wangu. Nyie mkivuka kwa ajili ya ng'ombe, vukeni. Kwa ajili ya Manyanda mimi sijamtuma mtu."

Lyamba alitaka kujibu. Kidole kilikuwa tayari kiko hewani. Lakini tone la kwanza lilianguka juu ya bati la ghala, likafuata la pili, na kabla wazee hawajatamka uamuzi mvua yote ikashuka kwa pamoja. Mvua ya kwanza ya mwaka haisubiri agenda. Wanaume wakakimbilia vitalu vyao, wanawake wakakimbilia nafaka zilizoanikwa, na mtu mmoja akanyakua lile gunia kujifunika kichwa. Filimbi ikaanguka kwenye tope. Machibya ndiye aliyeiokota, akaifuta, akaitundika kwenye msumari wa mlango wa ghala, akaenda zake.

Kwa hiyo hukumu haikusomwa. Mzee mmoja alisema watakaa Alhamisi nyingine, ila na mvua zimeanza, kila mtu alijua hiyo Alhamisi ingekuwa ya kulima. Usiku Machibya alilala. Monika alikaa macho na Safari kifuani. Alijua kijiji hakina haja ya mkutano kumtenga mtu. Kinaweza kuanza tu, na wote wakaelewa.

Asubuhi alichukua ndoo akaenda kisimani. Wanawake walikuwepo. Akasema, "Mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, na sauti mbili tatu zikaitikia, ndogo, kama za watu waliokuwa wanaangalia kwanza nani ataanza. Akachota zamu yake ilipofika. Ndoo ikajaa. Akakunja kata ya nguo, akaiweka kichwani, Safari mgongoni akimvuta kanga.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kujitwika ndoo ya bati iliyojaa. Akijaribu, ama anamwaga maji ama anamwaga mtoto. Ni lazima aseme lile neno, na neno hilo kisimani halikataliwi na mtu yeyote, isipokuwa kwa aliyetengwa.

"Nitwikeni, jamani," Monika akasema.

Kamba ya kisima ililia ikipanda. Mtu akakohoa. Monika alikuwa anaangalia maji ya ndoo yake, yametulia, na jani moja linaelea juu. Akafikiria kuyapunguza mpaka nusu, aondoke.

Miguu ikasogea kwenye tope. Alikuwa Nyanzala, mke wa Lyamba. Alishika ndoo upande mmoja, akasubiri Monika ashike upande wake, wakainua pamoja, moja, mbili, ikakaa kichwani. Nyanzala hakuiachia mara moja. Aliisawazisha ndoo, akalitoa lile jani kwa kidole.

"Usinimwagie," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Asante, mama."

"Asante kitu gani. Nenda." Kisha akasogea karibu na sikio, sauti ikashuka. "Mwambie baba Safari apite nyumbani jioni. Huyu wangu tangu jana halali, anajipigia kelele peke yake. Aje amfundishe kulitamka lile neno la redio vizuri, watu wasije wakasikia na yeye kajiuza."

Monika alitaka kucheka, lakini ndoo ilikuwa imejaa. Akashika njia ya nyumbani, shingo imenyooka. Alipofika mlangoni alimkuta mtoto wa jirani amesimama na kigae, anasubiri moto.