Fimbo ya Kunyoosha Mpira wa Mkwe

Niliona kwa macho yangu mawili mpira mdogo kuliko yai ukiruka juu ya nyasi, ukaingia ndani ya hema la wageni, ukapasua chupa ya chai.

Halafu nikaona watu wazima, wenye mvi na vyeo, wakiapa kwamba hema ndilo lililosogea.

Sikuwa nimelewa. Silewi. Soma mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa madirisha ya alumini. Mchana napima pembe, jioni natunga mashairi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kuhesabu mizani kwa vidole nikiwa juu ya ngazi. Wapo wanaonicheka, na mashairi yao nayajua: hayapo.

Mchumba wangu ni mfamasia. Tulijuana nilipokwenda kuweka kioo kwenye dirisha lao la kutolea dawa. Alinisahihisha kipimo mara moja, nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Hapo nikajua nimekwisha.

Tatizo lilikuwa baba yake.

Mzee alikuwa mkurugenzi wa shirika fulani. Alistaafu, lakini cheo kiligoma kustaafu. Hata mkewe alimwita Mkurugenzi. Asubuhi alisoma magazeti kwa sauti, kama anayefungua kikao. Mchana alikwenda kucheza gofu.

Nyuma yake walitembea wapambe wawili: wakala wa bima na muuza viwanja. Mkurugenzi akipiga chafya, mmoja anasema afya, mwingine anasema hiyo ndiyo chafya ya kiongozi.

Siku niliyokwenda kujitambulisha niliwakuta sebuleni, wote watatu.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia. Alimgeukia wakala wa bima. "Huyu ndiye yule wa mashairi?"

"Ndiye, Mkurugenzi. Malenga wa madirisha."

Wakacheka. Muuza viwanja alicheka kwa kuchelewa, maana alikuwa anatafuna korosho.

Sasa, kuna jambo moja mji mzima ulilijua na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake. Mkurugenzi hakuwahi kupiga mpira ukaenda mbele. Akipiga ile fimbo kubwa ya kuanzia, wanayoiita draiva, mpira unaanza vizuri, halafu unakumbuka kitu, unapinda kulia na kuzama vichakani. Wenyewe huuita ugonjwa huo slaisi. Mzee alikuwa nao kwa miaka kumi, na kila mwaka alinunua draiva ya bei kali zaidi. Mpira ukazidi kupinda, ila sasa ukapinda kwa gharama.

Siku hiyo alikuwa analalamika juu ya upepo.

"Upepo wa uwanja ule ni wa ajabu," alisema.

"Ni wa ajabu sana, Mkurugenzi," wakasema wapambe.

Mimi nikashindwa kujizuia. "Baba, upepo hauna kosa. Hilo ni suala la pembe. Dirisha likikaa kombo, jua halilaumiwi."

Mama mkwe mtarajiwa aliweka sinia mezani taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mchumba wangu alinitazama kwa macho ya *umeanza*.

Mkurugenzi alitabasamu kwa mdomo tu. "Haya, Malenga. Nitafutie fimbo itakayonyoosha mpira wangu. Jumamosi kuna kombe la klabu. Mpira wangu wa kwanza ukinyooka mbele ya watu, wazee wako walete posa. Ukipinda, usikanyage hapa tena. Na binti yangu usimpigie hata simu."

"Baba," mchumba wangu alisema.

"Nimemaliza."

Wapambe walitikisa vichwa kwa jinsi alivyomaliza vizuri.

Kwa hiyo kesho yake nikaenda uwanjani. Getini walinikatalia kuingia, eti viatu vyangu si vya mchezo. Nikazunguka nyuma, nikasimama kwenye ua wa michongoma, nikamrekodi Mkurugenzi kwa simu akifanya mazoezi. Ua ulinifika kifuani, ukakata picha chini ya magoti yake. Nikasema potelea mbali, hapigi kwa miguu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya gofu. Fundi wa pale ni dada mmoja mfupi, sauti kavu, penseli sikioni.

"Nataka draiva ya mtu anayepinda kulia," nikamwambia.

"Mlete nimwone."

"Haji. Ana cheo."

"Basi sikuuzii. Fimbo si kofia."

Nikamwonyesha ile picha. Aliirudisha nyuma, akaisogeza mbele, akaisimamisha.

"Anapiga kama anayefukuza nyuki," alisema. "Ona, fimbo inatokea nje na kukata kuja ndani. Na uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa umefunguka kama mlango usio na komeo. Mpira unazungushwa ubavuni, lazima ukimbilie kulia. Anatumia draiva gani?"

Nikamtajia ile mpya, ya mwaka huu.

Alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Ile ina uso uliosimama na mpini mgumu kama nondo. Ni ya vijana wenye nguvu, wanaoishi kwa mchezo huu. Mzee ameinunua kwa sababu ameiona kwenye televisheni."

Akanitolea draiva tatu. Ya kwanza aliirudisha mwenyewe: inasamehe mkono unaotetemeka, lakini mpira unaopinda haigombani nao. Ya pili uso wake unarekebishwa kwa bisibisi.

"Mzee wako umpe bisibisi?" aliniuliza.

"Hapana. Ataizungusha, halafu aseme bisibisi ina upepo."

Ya tatu akanipa mkononi. "Hii ndiyo dawa yake. Uzito umewekwa upande wa kisigino, karibu na mpini, ili kichwa kiwahi kujifunga kabla ya kugusa mpira. Uso umeinama zaidi, kwa hiyo mpira unapanda badala ya kuzunguka ubavuni. Na mpini ni mwepesi, unalegea kidogo, maana mikono yake si ya miaka ishirini." Akatazama tena picha. "Miguu yake iko wapi?"

"Michongoma imeificha."

"Mh. Basi mwambie asimame sawa. Fimbo haioni mbele, inafuata mtu."

Nilimpelekea mzee siku hiyo hiyo. Aliishika kwa vidole viwili.

"Kichwa kikubwa hivi kama sufuria? Hii si fimbo ya akina mama?"

"Ya akina mama kabisa," alisema wakala wa bima.

Nikasema, "Fundi alikataa kuniuzia mpaka alipoona unavyopiga, Baba."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Sikuongeza neno. Uso wa mzee uling'aa kama sakafu iliyopigwa deki.

"Alikataa? Alisema hivyo?"

"Alikataa katakata. Na amesema usimame sawa."

"Mimi nilianza kusimama kabla hujazaliwa."

Wapambe wakakubali kwamba kweli, alianza zamani.

Nikamwomba aijaribu kabla ya kombe. Akaniona mshamba. Kitu kipya, alisema, kinazinduliwa mbele ya watu. Akakivisha kichwa cha fimbo mfuko wake, akaisimamisha kabatini. Watu wa namna hii hata kijiko huzindua.

Jumamosi ikafika. Safari hii nilipita getini, kwa sababu mchumba wangu alinishika mkono na mlinzi akaona aibu.

Uwanja ulijaa. Hema la wageni lilikuwa upande wa kushoto, na ndani yake meza ya vitambaa vyeupe, vikombe na chupa kubwa ya chai. Nikamuuliza mchumba wangu mbona wote wamekaa kushoto.

"Mpira wa baba huenda kulia," alisema. "Hata magari huegeshwa kushoto. Wasemaji hawapo, lakini wanaojua kuegesha ni wengi."

Mzee akatoka na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Akavua mfuko wa fimbo polepole. Watu wakapiga makofi, na hajapiga hata jani.

Akajipanga.

Hapo ndipo nilipoona miguu yake kwa mara ya kwanza. Miaka kumi ya kupinda kulia ilikuwa imemfundisha mzee ujanja wake mwenyewe: anageuka anaelekea kushoto kabisa, ili mpira ukipinda urudi katikati. Bendera ya shimo iko mbele, yeye mabega na vidole vyote vinatazama hema. Amesimama kwa ajili ya ugonjwa, na mimi nimempa dawa.

"Baba, miguu," nilisema.

"Kimya," walisema wapambe.

Akapiga.

Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule. Mpira uliondoka umenyooka kama uzi wa mwashi, haukuyumba, haukukumbuka kitu. Moja kwa moja. Safi. Mpaka ndani ya hema.

Chupa ikapasuka. Mke wa mwenyekiti wa klabu akapanda juu ya kiti na viatu vyake. Hakuumia mtu, zaidi ya keki.

Mkurugenzi alitazama hema, akatazama fimbo, akatazama hema tena. Kisha akauliza kwa sauti ya kikao:

"Nani amesogeza hema?"

"Kweli, Mkurugenzi," alisema wakala wa bima. "Hema limesogea."

"Asubuhi lilikuwa kule," alisema muuza viwanja, akionyesha mtaroni. "Naapa."

Wengine wawili kutoka kamati wakaapa pia. Hema lenye vigingi vya chuma.

"Baba," nilisema, "hema liko lilipo. Mpira wako umenyooka."

"Umepinda. Umepinda kushoto. Fimbo yako ni mbovu."

"Haukupinda. Ulielekea hema, umekwenda hemani."

Nyasi zilikuwa na unyevu, na viatu vyake vyenye meno vilikuwa vimeacha alama. Nilichukua fimbo nyingine kwenye begi lake la fimbo, nikailaza chini, iguse alama za vidole vya miguu yote miwili. Hivyo ndivyo tunavyopima fremu. Ncha ya fimbo ilionyesha pale pale chai ilipokuwa inamwagika.

Kila mtu aliona.

"Hizo ni nyayo za mtu mwingine," alisema wakala wa bima.

Nilimtazama. Kuna watu ukiwatukana unawapandisha hadhi, nikaacha.

"Chukua takataka yako uondoke," Mkurugenzi aliniambia. Hakupaza sauti. "Mpira umepinda, na wewe umesikia sharti."

Nikainama kuokota fimbo. Mkono mwingine ukaiwahi.

Mchumba wangu alikuwa amevua viatu. "Baba, naomba mpira."

"Mpira wa nini?"

"Ulinifundisha nikiwa darasa la tatu. Ulinikatia fimbo ndogo. Halafu ukaacha kunileta."

Mzee akatoa mpira mfukoni.

Binti akauweka juu ya kijiti chake. Akatazama bendera. Akapanga miguu yake peku, taratibu, kwa mstari wa bendera ile, akapiga.

Haukwenda mbali. Ulipanda kidogo, ukatua, ukabingirika katikati ya uwanja, ukatulia. Mstari mmoja, kama umepigwa kwa rula.

"Mjomba wa bima," alisema bila kugeuka, "huu nao umepinda?"

Wapambe wale walimtazama baba yake kwanza, ndipo wakatazama mpira. Niliwaona wakipiga hesabu. Ukinyooka huu, fimbo ni nzima. Fimbo ikiwa nzima, Mkurugenzi amekosea. Na Mkurugenzi hakosei.

"Umepinda kidogo, mwanangu," alisema wakala wa bima. "Kulia."

"Kushoto," alisema muuza viwanja, papo hapo.

Wakatazamana.

Sikuyajua mapafu ya Mkurugenzi mpaka siku ile.

"Mna macho au matundu?" alinguruma. "Umepinda wapi? Mwanangu amepiga mpira sawasawa, sawasawa kabisa, na fimbo imekaa mkononi mwake kama kalamu, halafu mnasimama hapa kunichafulia mtoto? Umenyooka huo! Nani ana fimbo inayopiga hivyo hapa? Nani?"

Halafu akasikia alichosema.

Niliona neno lake mwenyewe likizunguka hewani na kumrudia. Fimbo si mbovu. Amelisema yeye, kwa mdomo wake, mbele ya klabu nzima. Wapambe waliinama wakitafuta kitu kwenye nyasi.

Binti alimkabidhi fimbo. Mzee aliishika muda mrefu. Akatazama zile alama za viatu vyake chini, akazifuta kwa soli, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyecheka. Hata mimi, na mimi nilikuwa na sababu.

"Wazee wako ni wangapi?" aliniuliza bila kunitazama.

"Watatu, Baba."

"Waje Jumapili." Akavuta pumzi. "Wewe usije. Unaongea sana."

"Sawa, Baba. Shikamoo."

Aliivisha fimbo mfuko wake kwanza.

"Marahaba," alisema.

Msidhani alipona. Shimo la pili alirudia fimbo yake ya televisheni, akapiga vichakani, na wapambe wakausifu upepo. Ile yetu ameichukua mke wangu. Sasa ni yeye anayekwenda uwanjani Jumamosi, na mzee humbebea maji akimkosoa mkono njia nzima. Miguu hamkosoi.

Wewe unayebadilisha fimbo kila mwaka, na kazi, na marafiki, na bado unaishia vichakani, chukua haya, nimeyatunga juu ya ngazi:

Aliyesimama kombo, ukimpa fimbo njema,
Atazua mengi mambo, aseme hema lahama,
Na wenye njaa ya tumbo, wataitika kwa hima,
Usikimbilie fimbo, ona ulivyosimama.