Jumla Nzuri ya Betri Mbili

Friji ya mama hapa kisiwani Koyama haina samaki wala maji ya baridi. Ni ya dawa yake ya sukari tu, ile ya kujidunga. Inaendeshwa na betri mbili za sola zilizoungwa moja nyuma ya nyingine. Moja ikifa, ya pili haina kazi.

Moja ikafa. Mjomba, nduguye mama, hakungoja kuombwa. Aling'oa betri ya taa zake za kuvulia usiku, akaibeba begani mpaka mlangoni kwetu. Mama alilia kwa furaha. Mimi nami nilifurahi, nisiseme uongo.

Nilipompigia fundi wetu wa Kismayu, aliguna. Betri zilizoungwa hivyo, alisema, sharti ziwe pacha: umri mmoja, ukubwa mmoja. Nikapima kila moja peke yake. Ya mjomba ilikuwa imeshiba mpaka inachemka, na yetu kuukuu ina njaa. Lakini kile kidude cha ukutani kinachosimamia chaji husoma jumla tu, na jumla ilikuwa nzuri kabisa, kwa hiyo kikaridhika. Alfajiri, ile kuukuu ikaishiwa, friji ikazima.

Tiba yake ni kuzitenganisha, kisha kuichaji ile yenye njaa peke yake mpaka zilingane. Nilifanya hivyo. Ila betri zikitenganishwa friji haiwaki, basi kutwa nzima niliokoa betri huku dawa ikipata joto. Na hazikukaa sawa. Baada ya siku chache zikaachana tena. Kwa hasira niliipiga teke ile kuukuu. Kidole changu bado kinauma.

Nikamwambia mama turudishe ya mjomba, tuagize jozi mpya mjini. Jamaa zetu wa Mombasa walikuwa tayari kutusaidia.

"Mchu hamrudishii nduye kichu alompa," alisema. "Yeye akae kizani kwa ajili yangu, kisha nimwambie betri yake haifai?"

Tangu aitoe, mjomba haendi tena kuvua usiku. Kila siku baada ya alasiri huja kibarazani kuuliza hali.

"Friji yafanya kazi?"

"Yafanya, alhamdulillahi," mama hujibu, kisha hunigeukia. "Msomee mjomba wako."

Nami husoma namba ya jumla iliyo kwenye kile kidude cha ukutani: volti ishirini na tano na ushei. Mjomba hucheka kama aliyepewa mjukuu.

Akishaondoka, mama hutoa kichupa katika mtungi wa maji wenye ubaridi kidogo, alimohamishia dawa bila kumwambia mtu. Hujidunga. Sukari haishuki. Dawa iliyokwisha kupata joto hairudi kuwa dawa kwa kutiwa mtungini, na mama anajua hilo kuliko mimi.

Jana mjomba alimtazama dada yake, akaniuliza mbona amekonda vile. Mama alinikazia macho. Nikamsomea namba.