Chungu cha Jirani

Nilipokuwa mwalimu mgeni Tukuyu, enzi za vijiji vya ujamaa, mwanangu wa miaka minne alinivunjia vikombe vyote vya chai. Siku za kulima shamba la kijiji nilimwacha kwa jirani, mama mmoja wa Kinyakyusa, nikingoja kuletewa habari za hasara. Sikuletewa. Jioni moja nilimkuta mtoto anavuka ua wa jirani, ulimi nje, amekumbatia chungu kidogo cha wafinyanzi wa Kikisi kilichojaa maziwa, na halikumwagika hata tone. Niliona wivu.

“Huyu kwangu ni mharibifu,” nilisema. “Wewe umempa dawa gani?”

“Sina dawa, mwalimu. Hapa anatazamwa akibeba. Kwako anatazamwa lini?”

Nilimchukia kwa swali lile. Nilimburuta mwanangu hadi nyumbani, nikamkalisha sakafuni, nikainamia madaftari ya wanafunzi. Muda si muda bilauri ikapasuka. Nilipoinua uso, mtoto wala hakuwa na habari na vile vipande. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu.