Jina la Mama Yake Bi Hana

Enzi zetu, sisi wa chini ya Uluguru hatukuhitaji saa. Taipureta ya Bi Hana ikianza kulia barazani, ujue chai iko jikoni nyumba zote. Ikinyamaza mchana, tunaacha michezo yetu ya rede na mdako, tunakimbilia kwake. Vijana wa leo simu ikizima chaji hawajui hata kama kumekucha.

Bi Hana alikuwa Myahudi, mwandishi wa hadithi, aliyekimbia vita Ulaya akiwa msichana. Aliandika kwa lugha ya mama yake, ambayo Morogoro nzima aliijua peke yake. Sisi alitusimulia kwa Kiswahili, huku akitembea, maana mama yule kutulia hakujua. Anafika ukingo wa baraza, anautazama mlima, anageuka. Akinyamaza kidogo tu, tunapiga kelele: "Kisha?"

Ijumaa yake ya kwanza mtaani kwetu, jua likielekea kuzama, taipureta ilinyamaza ghafla. Jumamosi asubuhi kimya. Bibi yangu akajua mgonjwa, akampelekea uji wa tangawizi, nami nimeshika upindo wa kanga yake. Tukamkuta mzima wa afya, kavaa gauni zuri. Akaeleza kuwa ni Sabato, siku yao ya mapumziko, hata kuandika haandiki. Bibi alicheka mpaka machozi. Wakanywa uji pamoja, wakaanza kuulizana habari za kwao.

"Kwenu mtoto anafuata ukoo wa nani?"

"Wa mama. Mama akiwa Myahudi, na mtoto Myahudi."

"Ala! Hata sisi ukoo ni wa mama. Basi wewe Mluguru mwenzetu!"

Bi Hana hakucheka. Aliinuka, akaanza kutembea. Mama yake, Raheli, aliuawa katika vita ile pamoja na mabinti zake wengine wote. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. "Nikifa mimi," alisema, "mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili."

"Kwetu jina hatuliziki na mtu, mwenzangu," Bibi akamjibu. "Jina linarithiwa."

Mama alipojifungua mdogo wangu, Bibi akamwita Raheli. Bi Hana alimpakata, na siku hiyo alikaa kutwa nzima bila kuinuka. Sikuwahi kumwona hivyo tena.

Sasa Bi Hana hayupo. Karatasi zake zililiwa na mchwa, na hilo huniuma hadi leo. Raheli wetu tulimzika mwaka jana. Wiki hii binti yake, Mwajuma, amejifungua mtoto wa kike, na kesho ni akika. Tangu asubuhi anatafuta jina kwenye simu, mengine hata kuyatamka siwezi.

"Mama mkubwa, Raheli si la kizamani jamani?"

Nimeshindwa kukaa. Nafika ukingo wa baraza, nautazama mlima, nageuka. Zamani jina lilitoka kwa mtu. Leo linachaguliwa kama kitenge sokoni, na kitenge chenyewe angalau unakishika kwanza.

"Kaa basi, unanitia kizunguzungu," Mwajuma akasema, macho kwenye simu. "Kwani huyo Raheli wa kwanza alikuwa nani?"

Nikaanza kumsimulia: taipureta, Sabato, uji wa tangawizi. Nilipofika pale Bi Hana alipoinuka, nikageuka kuutazama mlima. Nikanyamaza.

Mwajuma aliweka simu chini, akamsogeza mtoto kifuani.

"Kisha?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.