Kopo la Biskuti la Mama Nadine

Mimi ni mtu wa kushuku, na nalisema mapema ili asiwepo wa kunisingizia mengine. Marehemu baba alilinda ghala la mahindi kule Kondoa miaka ishirini na tatu, na hata chakula cha mke wake alikichungulia kwanza kabla ya kunawa. Mimi nimerithi macho yake. Walimu wenzangu hapa Kibondo wananiita Mkaguzi, wala sikasiriki.

Basi nilipohamia chumba kimoja kwenye nyumba ya Mzee Nestori, nyuma ya soko, kitu cha kwanza nilichokishuku ni mlango wa jirani. Kila Jumamosi saa nne asubuhi wanawake waliingia humo, mlango ukafungwa, pazia likavutwa, na hawakuonekana tena mpaka saa nane. Walipotoka walikuwa na vichwa vya zamani: mawimbi yamelala juu ya paji la uso, mikunjo minene imejipanga nyuma ya masikio. Walifanana na bibi zetu kwenye picha za studio, zile za mtu kuegemea stuli yenye maua ya plastiki. Nilisimama na ndoo yangu bombani nikajiuliza, kukunja nywele tu kunahitaji giza?

Mwenye mlango aliitwa Esteri Ndayikunda, lakini sote tulimwita Mama Nadine. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mwembamba, mpole mpaka anakera. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa Munanila, akafiwa na mume, akaja Kibondo na mfuko wa rola. Cheti chake cha uraia alikitia kwenye fremu, akakitundika chumbani juu ya kabati la vyombo. Hilo nalo nikalishuku. Nani mwenye moyo uliotulia anatundika cheti cha uraia ukutani?

Kilichonipeleka kwake ni wivu, sina haja ya kupamba. Evaline, nesi aliyetoka Mbeya na rafiki yangu pekee wakati huo, alitoka mle ndani Jumamosi moja amependeza hadi nikashindwa kumsalimia. Jumamosi iliyofuata nikabisha hodi.

"Mwakeye, Mwalimu Shamsia," akanisalimia kwa Kiha chake. "Umekuja na picha?"

"Picha ya nini?"

"Ya mama yako, ya usichana wake. Mimi sikunji vichwa vya kwenye simu. Nakunja cha kwenu."

Kwetu anayeomba picha ya mama wa mtu ni mganga au tapeli. Nikageuka nikaenda zangu. Lakini nilipofika chumbani nikaitoa picha ya mama ya mwaka sabini na sita, amevaa gauni la kola pana, mawimbi yake yanang'aa, nikaitazama kwa muda mrefu. Nikarudi nayo. Nilimwonyesha nikiwa nimeishika mwenyewe kwa kona, na hakuigusa. Aliinama tu, akaitazama, akasema, "Huyu aliyemkunja alikuwa fundi."

Nikalegea kidogo. Kidogo tu.

Kazi yake ilianza Ijumaa iliyofuata jioni, aliponifunga nywele mafundo ya uzi mweusi ili zinyooke bila pasi. Asubuhi aliyafungua, akanipuliza kwa maji ya uvuguvugu aliyokorogea asali, kijiko kimoja tu. Nywele ziwe na unyevu, alisema, zisichirizike. Rola zake zilikuwa vipande vya mpira wa maji alivyovikata mwenyewe na kuvifunika kwa vitambaa vya kanga kuukuu. Kila fungu la nywele alilichana kutoka kwenye ncha, akaliviringisha hadi kwenye ngozi, akalibana kwa pini mbili zinazopishana. Halafu akafunga mlango.

"Kwa nini unafunga?"

"Nyuki, Mwalimu. Wananusa asali."

Nyuki! Nikacheka moyoni. Nikakaa humo gizani saa nne nzima, macho kodo, nikiichunga mikono yake isije ikafanya jambo nisilolielewa. Alifungua rola kuanzia shingoni kupanda juu, hakugusa chanuo mpaka kila mkunjo umekauka, akaupasua kwa vidole vilivyopakwa mafuta. Lile wimbi la mbele alilikunja juu ya vidole viwili, akalibana, akangoja likubali. Aliponipa kioo nikamwona mama. Machozi yalinitoka, nikayafuta haraka asiyaone.

Mlangoni akanipa kikaratasi kilichokunjwa, kimetokana na daftari la shule. Alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Chukua na hiki, Mwalimu."

"Nini humo?"

"Zako. Zilizobaki kwenye chanuo."

Nani huchukua uchafu wa chanuo akautia mfukoni? Nikajua hapo kuna dawa: ukishapokea kwa mkono wako mwenyewe, umeshakubali. Nikarudisha mikono nyuma. "Kaa nazo tu, Mama Nadine." Akanitazama, akakirudisha kwenye mfuko wa aproni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila nilipokwenda. Yeye alinyoosha mikono, mimi nikarudisha yangu nyuma. Niliendelea kwenda kwa sababu nilimpenda yule mama wa kwenye kioo, nikaendelea kushuku kwa sababu ndivyo nilivyo.

Mwezi wa tano nikaona nywele zimepungua hapa pembeni, juu ya masikio yote mawili. Mama Nadine aliziona kabla yangu. Aliniambia nisikaze sana mtandio, unazikata nywele. Nikamwitikia kwa mdomo tu. Jumamosi ileile, alipotoka kuongeza maji ya moto, pini ilinidondoka ikaingia uvunguni mwa benchi. Nikainama kuitafuta, nikakuta kopo la biskuti. Baba yangu angelifungua, na mimi nikalifungua.

Lilijaa vikaratasi. Kila kimoja kiliandikwa jina na tarehe kwa penseli. Evaline. Ernesta, mke wa bwana shamba. Evaline tena. Shamsia, Shamsia, Shamsia, nilihesabu tisa. Nikapekua mpaka chini nikitafuta jina la mwenyeji hata mmoja, Muha au mwenye asili ya Burundi. Halikuwemo. Tulikuwemo sisi wa kuja peke yetu, watumishi na wake za watumishi.  Nikafunika, nikakaa, nikafunguliwa rola zangu huku nikitabasamu kinafiki.

Sikumuuliza, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Kuuliza kungechukua dakika moja. Nilimwambia Evaline, naye akaenda nalo wodini, na Ernesta akalipeleka sokoni. Ndani ya wiki mbili benchi la Mama Nadine lilikuwa tupu. Watu walioshinda kwake miaka mingi, sasa walikumbuka kwamba ni Mrundi, kana kwamba kile cheti kimeanguka ukutani chenyewe. Mzee Nestori akampa notisi: mwisho wa mwezi awe ametoka, hataki maneno kwenye nyumba yake. Mama Nadine alikuwa na kile chumba na ile kazi tu, na vyote viwili vilikuwa vinamtoka.

Akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji, Venanti, akaomba watu waitwe. Tukakutana uani Jumapili mchana. Alitoka na kopo mikononi, akaliweka kwenye stuli, akaondoa kifuniko mbele ya wote. Watu wakasogea nyuma.

"Mama," Venanti akasema, "watu wanasema unakusanya nywele zao. Ni kweli?"

"Ego. Ni kweli."

Minong'ono ikapanda. Mama Manirambona, bibi mwenyeji wa nyumba ya pili aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi, akasimama na fimbo yake. "Zangu zimo humo?"

"Oya. Wewe unachukua zako."

"Kila mara ninachukua. Nakwenda kuzitia motoni kwangu." Bibi akatugeukia. "Ninyi hampewi?"

 Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

"Mama yangu aliwakunja wanawake kule makazini," Mama Nadine akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Alinifundisha nikiwa mdogo: nywele za mtu ukizitoa kichwani, unampa mwenyewe. Usizitupe, usizichome yeye hayupo, asije akasema umemfanyia jambo. Hawa nimewapa. Wamekataa, mmoja mmoja. Nitupe jalalani kuku wazichakure? Nichome peke yangu, mje mseme naroga? Nikaona niziweke, ziwe na jina, siku watakayozitaka wazikute."

Akaanza kuita. Ernesta akaenda akapokea. Evaline akaenda, uso umemvimba kwa aibu. Mimi niliitwa mwisho. Alinipa vyote tisa kwa mpigo, kwa mikono yake miwili kama siku zote, nami kwa mara ya kwanza nikapokea. Vilikuwa vyepesi kabisa. Nilitaka ardhi inimeze, na nasema hivyo bila kupunguza.

Mzee Nestori alikohoa, akasema notisi ameifuta. Mama Nadine akamshukuru.

"Lakini nimeshafunga, Mzee. Nakwenda Kasulu kwa Nadine."

"Maneno yameisha, Mama."

"Yameisha kwenu. Mimi nitakuwa nawapa watu kioo, wao wananitazama mikono."

Siku ya kuondoka nilimsaidia kubeba mizigo. Fremu ya cheti aliitoa ukutani mwisho kabisa, akaiviringisha ndani ya kanga. Nikaona nikinyamaza nitapasuka.

"Mama Nadine, ni mimi niliyeanza."

"Najua, Mwalimu. Uliacha kifuniko upande."

"Ulijua tangu siku ile? Mbona hukusema kitu?"

"Nilingoja uniulize," akasema. Akaniwekea mkononi mfuko wa rola za zamani na lile kopo, likiwa tupu. Gari la Kasulu likapiga honi, akapanda.

Mtandio niliulegeza. Nywele za pembeni zikaota zote. Na siku ya kwanza nilipojaribu kujikunja mwenyewe kibarazani, na asali yangu kijiko kimoja, nyuki wawili walinikimbiza hadi ndani nikafunga mlango.

Nilidhani nitashindwa, lakini mikono ilijua. Miezi yote ile niliyomchunga asinifanyie jambo, kumbe nilikuwa nafundishwa. Nilijua pini zinavyopishana, nilijua wimbi linavyongojwa. Walimu wakaniona, wakaanza kuulizia. Siku hizi ni mimi ninayekaa na mtu Jumamosi, nimefunga mlango, nimevuta pazia.

Jumamosi iliyopita alikuja Evaline. Anaolewa mwezi ujao na alileta picha ya mama yake, ya Mbeya, ya mwaka themanini. Nilimkunja vizuri, nasema kweli, hata yeye alijigeuza kwenye kioo mara tatu. Nikakusanya zilizobaki kwenye chanuo, nikazifunga kwenye karatasi ya daftari, nikamfuata mlangoni.

"Chukua na hiki, Evaline."

Alikitazama kile kikaratasi, kisha akanitazama mimi. Yale macho nayafahamu. Akacheka kidogo, akarudisha mikono yake nyuma.

"Kaa nazo tu, Shamsia."

Nikabaki nimesimama mlangoni na mikono yangu miwili mpaka alipokunja kona ya soko. Kisha nikarudi ndani, nikachukua penseli, nikaandika jina lake na tarehe, nikalivuta kopo.