Bibi Alipokauka Jasho

Barafu ya Wazungu wa Diani ilitengenezwa kwa jasho la wazee. Hilo nililiamini mimi, mtu mzima mwenye mke, mwenye nyumba ya mabati pale Tiwi na cheti cha shule ya usiku kilichogongwa muhuri. Aliyenipa habari alikuwa mwenzangu wa darasani, mpishi katika nyumba ya Mzungu ufukweni. Alisema mumiani wameacha damu, damu siku hizi haina soko. Sasa huja adhuhuri, watu wamejilaza, wakamnyonya mzee jasho lake lote kwa mrija mwembamba kama unywele. Jasho hupelekwa kwenye mtambo Mombasa, likarudi limekuwa gumu kama jiwe.

"Kwa nini wazee?" nikamwuliza.

"Jasho la kijana lina fujo, yakhe. Haligandi."

Nikaona maneno hayo yana elimu ndani yake. Tena barafu yenyewe nilikwisha kuiona: bonge kubwa kama ng'ombe aliyelala, limeviringishwa gunia na unga wa mbao, likifuka moshi na moto hapana. Nililigusa, likaning'ang'ania kidole kana kwamba linanijua. Nikakilamba kidole. Chumvi! Sikujiuliza kidole kilikuwa cha nani.

Mwaka huo kaskazi ilikuja na joto ambalo sijaliona tena. Kunguru walikwenda kwa miguu. Kuku wangu, nasema kweli, walitaga mayai yaliyokwisha kuiva. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Mkwiro kujifungua mtoto wetu wa kwanza, nyumbani tukabaki mimi na bibi yangu, mama yake baba. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, hakwenda popote bila ya kushikwa mkono. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima, na mimi alikuwa akiniita mume wake.

"Mume wangu, leo umenipikia nini?"

"Muhogo, mke wangu."

"Jana muhogo, leo muhogo. Nitakudai talaka mimi."

Siku ya nne tangu mke wangu aondoke, nilimshika Bibi mkono ili nimkalishe, nikashtuka. Mimi jasho lilikuwa linanidondoka puani, yeye mkono wake mkavu kama karatasi iliyosahauliwa juani. Nikampapasa kipaji cha uso: kikavu, tena cha moto. Nikajua. Wamekwisha kuja, na watarudi kumaliza.

Nikafunga madirisha yote mawili na kuyapigilia mbao. Nikaziba matundu ya ukutani kwa matambara na chini ya mlango nikasokomeza gunia. Bibi nikamfunika blanketi zito, mrija usipate ngozi. Kisha nikakaa mlangoni na mchi wa kinu mapajani.

"Mume gani wewe, unamfungia mkeo kama kuku aatamiaye?"

"Kuna wezi, Bibi."

"Wanataka nini kwangu? Meno?"

Nikamletea maji kwenye kata. Akalowesha midomo tu, akanirudishia. "Baadaye," akasema. Kila nilipomletea, baadaye.

Ilipofika adhuhuri dunia ikanyamaza. Hakuna jogoo, hakuna mtoto, hata nzi walikoma. Ndani giza, ila mstari mmoja mweupe wa jua uliopenya kwenye bati na kusimama sakafuni kama kitu kilichotumwa. Ndipo nikasikia juu ya paa: tak. Kimya. Tak, tak. Leo ningesema ni bati linalotanuka kwa joto. Siku ile nilisikia nyayo za mtu asiye na haraka, zikaja mpaka juu ya kitanda cha Bibi, zikasimama hapo.

"Karibuni," Bibi akasema kwa sauti nzuri, sauti ya kupokea wageni.

"Nani, Bibi?"

Alijisogeza ukutani, akapiga-piga mahali palipobaki wazi kitandani. "Kaa hapa, dada. Watoto wakae mkekani." Dada yake alizikwa kabla sijazaliwa. Bibi akawatazama mmoja mmoja, pale pasipo na mtu, macho yakitembea kwenye mkeka wote. "Mbona mmelowa hivyo?" akauliza. "Mmetoka wapi?" Akautoa ulimi taratibu, mweupe, kama anayelamba umande.

Kisha akanigeukia mimi.

"Na huyu kijana," akamwuliza yule asiyekuwapo, "ni wa nani?"

Hapo nilihisi baridi, katika tanuri lile. Nikaruka na mchi, nikalipiga paa. "Shukeni! Shukeni tuonane!" Na papo hapo mlango ukagongwa.

"Hodi! Fungua, nimeungua huku!"

Sauti ilikuwa ya shangazi yangu wa Kombani, bintiye Bibi. Lakini nani asiyejua kwamba mumiani huiga sauti?

"Kama wewe ni Shangazi, niambie siri ya utotoni mwangu."

"Ulimkojolea maalimu siku ya maulidi! Fungua mlango, mwenda wazimu!"

Nikafungua. Joto la ndani likampiga usoni kama mtu aliyechungulia tanuri la chokaa. Alilitupa blanketi, tukakibeba kitanda na Bibi juu yake mpaka nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, penye upepo wa bahari. Akazilowesha kanga mbili maji ya kisima, akamwekea shingoni na kwapani. Mimi nikapewa kipepeo cha jikoni. Nilipepea hadi nikadhani mkono umeng'oka na unapepea wenyewe.

Bibi alipoweza kumeza, Shangazi akampa maji kwa kijiko, yenye sukari na chembe ya chumvi. "Kidogo kidogo, usimsonge. Hili jua likipita kichwa cha mnazi ule naye hajatujua, utakwenda kulala mbele ya lori lolote liendalo Msambweni, limfikishe hospitali."

Nililiangalia jua kuliko mwadhini. Lilikuwa limeugusa mnazi Bibi alipofumbua macho.

"Mume wangu," akasema, "unanipepea kama makaa."

Nililia bila ya haya. Shangazi aliposhuka kisimani, nikainama sikioni kwa Bibi. "Uliwaona mumiani? Walikunyonya wapi?"

"Aninyonye nani?" Alinitazama, na safari hii hakuniita mume. "Sikunyonywa, mjukuu wangu. Sikunywa. Choo kiko kule nyuma ya migomba. Mkeo ndiye aliyekuwa akinipeleka, naye hayupo. Wewe niliona haya kukuita, basi nikaacha maji."