Mbao za Marehemu Zinarudishwa Uani

Kufuli la tatu linagoma. Mama wa makamo mwenye miwani na koti la kijivu anazungusha ufunguo taratibu, anauchomoa, anaupuliza, anaurudisha. Nyuma yake wanasubiri watu wawili waliosimama mbalimbali kama wasiojuana: mjane wa marehemu, na kijana wa marehemu aliyezaliwa na mke wa kwanza, ambaye naye alishafariki.

Mlango unafunguka. Harufu ya ukungu inawapiga puani.

"Tuanze na mbao hizi za juu," anasema mama huyo. "Mmoja huku, mwingine kule."

Mtaani wanamwita Mama Makufuli. Ni karani mstaafu wa mahakama, na kwa sasa ni msimamizi wa muda wa mirathi ya fundi seremala aliyefariki bila kuacha wosia. Mjane aliomba kusimamia mali, kijana akaweka pingamizi. Kijana naye akaomba, mjane akapinga. Wakati kesi inasubiri kusikilizwa, hakimu akateua mtu wa nje azitunze mali zisipotee.

"Watu wanadhani nimekuja kugawa," anasema. "Mimi siruhusiwi kumgawia mtu hata msumari. Nalinda tu, mpaka mahakama iseme nimkabidhi nani."

Utaratibu wake ni huu: kila upande unaleta kufuli lake, naye anaweka la kwake. Hakuna anayeingia peke yake, hata yeye.

Ila safari hii bidii ilimponza. Siku ya kwanza alikuta mbao mbichi zimepangwa uani, chini ya paa la bati, pembeni wazi. Akili yake ikaenda kwa wezi. Akaita vibarua wakaziingiza zote karakanani, wakazibananisha ukutani, mlango ukafungwa. Hakujua kwamba mbao mbichi huwekewa vijiti katikati ili hewa ipite.

Wenye kujua walikuwepo. Mjane na kijana wote wamefundishwa useremala na marehemu. Lakini kila mmoja alinyamaza, akidhani mwenzake ndiye aliyetaka zifungiwe.

Msimamizi aliporudi kukagua, zilishaota ukungu, nyingine zimeanza kupinda. Alikwenda mwenyewe kumweleza hakimu kabla hajaulizwa, akaruhusiwa kuzirudisha uani.

Mbao hizo ndizo mali kubwa alizoacha fundi. Mjane anazitegemea ili karakana ifunguliwe tena, wanawe wadogo wapate kula. Kijana anataka ziuzwe, kila mtoto apate chake.

"Zikioza," anasema Mama Makufuli, "watagawana kuni."

Mbao ni ndefu, kila ubao unataka watu wawili. Vibarua wangeweza kuitwa tena. Msimamizi hakuwaita, na akiulizwa sababu anafuta miwani.

"Mwambie mama mdogo ashike mwisho kabisa," kijana anamwambia msimamizi, ingawa mjane mwenyewe yuko upande wa pili wa ubao huohuo.

"Mwambie nilianza kushika mbao yeye hajaota ndevu," mjane anajibu.

Msimamizi hapeleki ujumbe wowote. Anaendelea kupangusa ukungu kwa kitambaa kikavu.

Wanatoka, wanarudi. Mjane anapanga vijiti. Kijana anainama, anapima kwa jicho, anasogeza kimoja. Mjane anakitazama, anakiacha hapohapo. Wanabishana, bado kupitia kwa msimamizi, kama marehemu alikuwa akiweka vijiti vitatu au vinne. Kumbe alimfundisha kila mmoja kivyake. Mjane anacheka. Kijana anageuza uso, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mama Makufuli anatamani siku ya kesi liletwe ombi moja tu, wao wawili wasimamie pamoja, yeye akapumzike.

"Msimamizi wa muda akikaa sana, ujue mambo hayaendi," anasema. "Lakini kuwaambia hivyo si kazi yangu."

Mwanga karakanani hautoshi tena. Mbao za chini, zilizoloa zaidi, bado ziko ukutani. Msimamizi anasema leo inatosha. Kijana anajikung'uta mikono, anazitazama zilizobaki, kisha anamtazama mjane.

"Mama mdogo, kesho njoo na glavu. Hizi za chini zina vibanzi."

"Nitaleta na zako," anasema mjane, na kuchukua ufagio.